Kutekwa kwa Namba ya Mia Mbili na Kumi na Mbili

Nyamazeni, enyi wenye masikio na enyi wenye simu! Zimeni redio, tulizeni watoto, sogezeni viti, msikie habari ya Bwana Mitambo, mlinzi wa mto, mtawala wa kompyuta mbili ambazo moja huwaka, mtu aliyepewa nywila saba akasahau nne, asiyetetereka mbele ya mafuriko kwa kuwa ofisi yake iko ghorofa ya tatu. Mwandishi wa tarihi hii anamjua shujaa huyu kuliko anavyopenda, maana wanavaa shati moja na wana mama mmoja.

Ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia mto ulifura ghafla ukaingia nyumba za bondeni, nao watu wakaponea chupuchupu. Ndipo ofisi ya maafa ikafunga kipimo chini ya daraja lililoko upande wa juu wa mto, kikawa kinaupima mto kila dakika kumi na kuipasha habari kompyuta ya Bwana Mitambo. Kompyuta ikiona maji yamezidi, hutuma ujumbe kwa simu za nyumba zote mia mbili na kumi na mbili za bondeni, kwani maji yakipita darajani huchukua dakika arobaini kuwafikia. Anayepata ujumbe hujibu kwa kuandika moja, na jina lake hugeuka kijani kwenye skrini.

Juma hilo ulipotumwa ujumbe wa kuhakiki simu, majina mia mbili na kumi na moja yaligeuka kijani. Moja lilikuwa jekundu kama jipu, nalo lilikuwa la mwanamke wa nyumba ya mwisho kabisa, hatua thelathini kutoka ukingoni, fundi cherehani mwenye goti bovu, ambaye ndiye aliyemzaa Bwana Mitambo.

"Ewe mlinzi wa mto!" akanguruma Mkuu wa Kitengo, kalamu ya ubao mkononi kama mkuki. "Mvua zimebakiza wiki moja. Je, umewaonya walio mbali ukamwacha aliyekunyonyesha? Nenda, na usirudi na wekundu huo!"

"Naenda, mkuu," akajibu shujaa. Aliogopa. Aliuona mto ukiingia chumba kile cha cherehani na mama yake ameinamia kazi, hana habari.

Akajifunga kompyuta kifuani, akatwaa chaja, akashuka ngazi za ghorofa tatu, akavuka dimbwi la kwanza salama, akashindwa na la pili. Hata alipofika kwa mama yake kiatu kimoja kilikuwa kikilia kwa kila hatua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mchana huu kulikoni, wamekufukuza kazi?"

Bwana Mitambo akasimama wima, akakohoa. "Ewe mzazi wangu, nimekuja katika saa hii kuu, ambapo elimu ya mitambo na hasira za mto zinakabiliana uso kwa uso—"

"Nishikie hapa," mama akasema, akampa ncha ya kitambaa. "Vuta kidogo. Haya, endelea."

Akaendelea, akivuta. Alipomaliza, mama akamsukumia simu. Katika orodha ya namba zilizozuiwa zilikuwamo tatu: ya kampuni ya bahati nasibu, ya mganga wa kuongeza wateja, na ya ofisi ya maafa.

"Mama! Umetuzuia?"

"Si ulinitumia ujumbe mara kumi na tisa siku moja?"

Hapo tarihi hii inainamisha kichwa. Naam, kulikuwa na siku shujaa alipojaribu programu yake akasahau kuweka orodha ya majaribio, yenye namba yake peke yake, na bonde zima likapokea mara kumi na tisa maneno haya: HILI NI JARIBIO. USICHUKUE HATUA YOYOTE.

"Nikajua ni amri ya serikali," mama akasema. "Nikakaa kwenye kiti hiki, sikuchukua hatua yoyote. Mvua ikaja, nguo za wateja zikalowa zote kwenye kamba, nami naziangalia tu. Jirani ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza."

"Nisamehe, mama. Nifungulie namba."

"Kwanza nisomee utakachoniandikia mto ukija kweli."

Shujaa akakunjua kompyuta, akasoma kwa fahari, maana alikitunga siku mbili: "'Kina cha maji kimevuka kiwango cha hatari. Wakazi wa maeneo husika mnashauriwa kuchukua tahadhari stahiki.'"

Cherehani ikanyamaza. "Maeneo husika ni wapi?"

"Ni hapa, mama."

"Na tahadhari stahiki?"

"Ni... kukimbia."

"Sasa si useme! Ulipokuwa unatambaa kuelekea jikoni kwenye moto, mimi nilikushauri uchukue tahadhari stahiki?"

Wanajeshi wengi wameanguka kwa pigo dogo kuliko hilo. Bwana Mitambo akaketi kwenye kigoda, akafuta, akaandika upya, mama akisimamia kila neno: *Maji yanakuja. Toka sasa hivi. Panda shuleni. Usichukue kitu.*

Kisha vikaanza vita vya kidole gumba. Miaka ya sindano ilikuwa imekula alama za vidole vya mama, simu ikamkataa mwenyewe mara tatu, akaipangusa, akaitukana, akaipapasa, ikakubali. Namba ikafunguliwa. Bwana Mitambo akakagua orodha mara nne, akatuma kwa mtu mmoja tu.

Simu ikalia. Mama akasoma, midomo ikitikisika. Akainuka, akaliacha shati la mteja chini ya sindano, akatoka.

"Mama, hilo ni jaribio!"

"Halijaandikwa jaribio."

Akapanda kilima na goti lake, bila kusimama, bila kugeuka, huku mlinzi wa mto akimfuata na kiatu chake kinacholia. Wakafika lango la shule kwa dakika kumi na nne. Mama akaketi kwenye ngazi, akaandika moja, na jina likageuka kijani. Bwana Mitambo akahesabu tena: kumi na nne, katika arobaini. Machozi yakamtoka, akasingizia jua.

Basi na ichongwe kwenye mawe, na kwenye seva kama umeme upo, kwamba alasiri hiyo, mto ukiwa umelala kwa amani kitandani mwake, mwanamke mmoja aliokolewa kwa maneno tisa.

Mama alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi kwenye kiatu, kisha akaitazama kompyuta aliyoikumbatia.

"Na wewe hiyo umeibeba ya nini? Si umesema tusichukue kitu?"

Shujaa akaificha kompyuta mgongoni.

"Haya," mama akasema, akilisugua goti, "wewe umekufa maji."