Goli Limefutwa, Msamaha Je?

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Waamuzi,

YAH: GOLI LA DAKIKA YA 88 NA MSAMAHA ULIOTOLEWA KWA AJILI YAKE

Natumaini wajumbe ni wazima na mitambo yenu inawaka vizuri. Mimi ni fundi cherehani, kibanda cha tatu kutoka ukumbi wa kuonyeshea mpira. Sijawahi kumtukana mwamuzi, isipokuwa kwa sauti ya chini.

Kwa miaka sita sikusemeshana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alisimama harusini na suruali niliyomshonea, akaniuliza mbele ya wageni, "Shemeji, mguu huu mwingine umebaki nyumbani?" Watu walicheka hadi keki ikasahaulika.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa, kikabaki kiti kimoja, kando yake. Tukakaa kama abiria wasiojuana. Dakika ya 88 timu yetu ikafunga. Kuja kushtuka, nimeshamkumbatia na kumwambia, "Shemeji, yaishe, nimekusamehe." Naye akajibu, "Na mimi nimekusamehe." Hapo mwamuzi akachora mraba hewani, akaenda kutazama video. Dakika nne baadaye goli likakataliwa. Bega la mshambuliaji lilikuwa limeotea kwa sentimita mbili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine ilifuta goli, haikufuta kumbatio. Nimebaki na msamaha usio na goli.

2. Dakika nne ni nyingi mno. Muda wote huo mikono yangu ilikuwa mgongoni mwa shemeji, nisijue niitoe au niiache. Kanuni zenu zinaeleza mchezaji asimame wapi. Mtazamaji hazimtaji kabisa.

3. Sentimita mbili ndizo zilizopungua kwenye mguu mmoja wa ile suruali. Miaka sita nimeshikilia kwamba hakuna jicho linaloweza kuziona. Mmenivunjia utetezi hadharani, kwa mstari mwekundu, mara tatu, kwa mwendo wa polepole. Shemeji alinitazama, kisha akainama kutazama miguu ya suruali yake. Hilo ndilo lililoniuma.

4. Aliposema "na mimi nimekusamehe", alinisamehe kosa gani? Naomba marudio ya sauti.

Kwa hiyo naomba goli lirudishwe. Ikishindikana, kamati imwandikie shemeji barua yenye muhuri kwamba kumbatio lile lilikuwa la kuotea, turudi kwenye kununiana kwetu, bila kwa bila. Hilo nalo likiwa gumu, mashine iondolewe viwanja vyote.

Nawasalimu wajumbe, washika vibendera, na yule anayekaa chumbani akiikodolea macho skrini. Mwambieni apumzishe macho.

Wenu mtiifu,
Fundi wa Kibanda cha Tatu

Nyongeza: Nimechelewa kuituma barua hii. Jana tulikutana tena ukumbini, na goli jingine likapelekwa kwenye video. Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya ila kungoja, shemeji aliniuliza hali ya mgongo wangu. Nami nikamuuliza kazi inaendaje. Mazungumzo yakafika mbali, hata sikuona kama goli lilikubaliwa. Mashine ibaki. Ila marudio yafike angalau dakika kumi, maana mwamuzi alipuliza filimbi wakati shemeji ndio kwanza ananieleza alivyolazwa mwaka juzi, wiki tatu, na mimi sikwenda kumwona.