Amri za Kumshusha Nyakerario

Jumatatu, 5 Mei 2025. Silibwet.
Jumapili kwaya inachagua mwalimu. Tuko wawili: mimi, Kepher, mwenye duka la cyber na sauti nzito ya besi, na Nyakerario, mchuma chai. Siri yake naijua. Ile noti ya kuanzia anayotupatia kabla ya wimbo haitoki kichwani. Ni app ya kinanda! Bila app, kwisha yeye. Mke wangu Aoko anasema nifanye tu mazoezi. Mazoezi ni ya watu wasio na kompyuta.

Jumanne, 6 Mei.
Mungu yuko! Nyakerario amejileta mwenyewe. Simu yake imejaa, inakwama. Nikamwambia aniachie. Nikachomeka kebo, nikafungua lile dirisha jeusi la amri. Humo hakuna kubonyeza picha. Unaandika, simu inatii. App zikajipanga kwa majina marefu ya nukta nukta. Moja lina neno "keyboard". Kinanda chenyewe! Nikafuta. Kompyuta ikajibu: Success. Imenipongeza!

Jumatano, 7 Mei.
Nyakerario hawezi kuandika hata herufi moja. Kumbe ile keyboard ilikuwa ya kuandikia. Si kitu. Asiyeandika ataombaje kura? Mimi nimeweka maono yangu kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya, marefu, yenye vichwa. Hakuna aliyejibu. Wanatafakari.

Alhamisi, 8 Mei.
Ameanza kutuma sauti kwenye grupu! Asubuhi soprano, mchana alto, jioni hata besi yetu. Akina mama wanamsikiliza wakichuma, shamba zima linaimba. Nyumbani nimemkuta Aoko akisonga ugali kwa alto. Nikamwambia azime. Akaniuliza, "Kwani yako iko wapi nisikize?"

Ijumaa, 9 Mei.
Nyakerario amerudi, anaomba herufi zake. Nikazirudisha, asinishuku. Halafu pigo lenyewe: kufuta WhatsApp yake yote! Simu yangu nayo ilikuwa kwenye kompyuta, inachaji. Kompyuta ikaona simu mbili, ikataka niitaje ninayotaka kwa namba yake. Nikanakili ya kwanza. Success. Akachukua simu yake, akasema, "Ubarikiwe, Ndugu Kepher." Nikacheka hadi nikakohoa. Kisha nikafungua WhatsApp yangu. Haipo.

Jumamosi, 10 Mei.
Mvua imedhoofisha network; ujumbe mfupi unapita, app haishuki. Nimeshinda nikijaribu kurudisha WhatsApp, duara linazunguka tu. Jioni Aoko ananiambia uchaguzi umekwisha! Mzee wa kanisa, Okemwa, aliona kesho kuna wageni kutoka kanisa la Longisa, akaamua kura zipigwe leo kwenye grupu. Kura zote ni za Nyakerario. Hata mimi sikujipigia! Nimemuuliza Aoko alimpa nani. Amesema chai inapoa.

Jumapili, 11 Mei.
Nyakerario amenishukuru mbele ya wageni. Eti bila mimi asingejua kutuma sauti. Kanisa zima likapiga makofi. Nikasimama, nikapunga mkono. Wameanza kunitambua.

Baada ya ibada Okemwa akanivuta kando. Simu yake nayo inakwama. Nimsafishie kama nilivyomsafishia mwalimu. Huyu ndiye anayechagua waimbaji wa solo! Akifurahi, solo ni yangu. Nikamfungulia duka hapo hapo, nikachomeka kebo. Tatizo nimeliona kabla hata hajaketi. Kuna app imejificha inaitwa "phone". Simu ndani ya simu! Hiyo ndiyo inayojaza. Naanza nayo.