Boga la Kasisi

Jumatatu, 6 Septemba 1954
Mchapishaji kanirudishia mswada wa riwaya yangu mpya ya upelelezi. Eti Inspekta Mumford wangu amezeeka, wasomaji wa leo hawamtaki. Wasomaji gani hao? Mwaka 1931 ukipanda treni ya London, behewa zima limeinamia vitabu vyangu! Watu walikuwa wakipitiliza vituo vyao. Kaongeza kwamba jina langu likirudi magazetini, labda atanifikiria. Basi litarudi!

Alhamisi, 9 Septemba
Mpango umeiva. Jumamosi kuna maonyesho ya mavuno kanisani. Boga la kasisi, kubwa kama mtoto wa miaka miwili, litaibwa. Mwizi: mimi. Mpelelezi atakayelipata mbele ya waandishi wa habari: mimi pia. Jamani, akili hii!

Wa kujihadhari naye ni jirani yangu Bi Ethel Pargeter, naye mtunzi wa hadithi za upelelezi. Zamani tulikuwa chama kimoja. Tulikula kiapo, mishumaa inawaka, kwamba kamwe hatutamficha msomaji dalili hata moja. Halafu tulicheka mpaka wahudumu wa hoteli wakatufukuza. Nazikumbuka mno siku zile.

Jumamosi, 11 Septemba
Boga liko kabatini kwangu. Lakini kiapo ni kiapo. Pale lilipokuwa nimeacha majivu ya kiko changu, alama ya kiatu changu na kifungo cha koti langu. Msomaji asidhulumiwe.

Kwenye maonyesho, mbele ya waandishi, nakohoa tu nianze hotuba, Bi Pargeter akaweka kikombe chini, akaniambia kwa sauti, "Cuthbert, hebu rudisha boga la watu." Chai yake haijapoa hata! Umati ukaangua kicheko. Kasisi akaniuliza kama sina haya. Aliyepigwa picha ya gazeti ni Bi Pargeter.

Jumatano, 15 Septemba
Bi Pargeter kaja na keki. Nimenuna. Akasema kiatu kile alikitambua mara moja, kimo kwenye riwaya yangu ya tatu, na mpaka leo huisoma kabla ya kulala. Akasema mchapishaji ameona gazeti, anamtaka aandike kitabu kipya, naye kamjibu haandiki ila na mimi, majina mawili kwenye jalada. Machozi yalinitoka, sikatai. Miaka mingi hakuna aliyenitaka.

Ila jina lake ndilo limetangulia. Haiwezekani! Ana paka, anampenda kupita kiasi. Kesho paka huyo atapotea, nami nitampata, magazeti yote yakishuhudia. Nimeshambakizia samaki wa kifungua kinywa.