Sabuni Aleta Dawa ya Selimundu

Mtaani walimwita Sabuni, kwa sababu aliteleza, alitoa povu, na akishapita kwako mfuko ulibaki msafi. Asubuhi hiyo alikuwa amejificha kwenye benchi la kliniki ya watoto, uso ndani ya gazeti, akimkwepa mfugaji mmoja aliyenunua kwake chakula cha vifaranga na kukuta mchanga. Kliniki ni mahali pazuri pa kujificha. Kila mtu pale ana shida zake na hana muda wa sura yako.

Hapo ndipo aliposikia sauti ya pesa. Sauti ya pesa, kwa wasioifahamu, haipigi kelele. Inalalamika.

"Vidonge kila siku, kila siku, mpaka lini?" alisema mama mmoja mwenye bangili kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. "Vidonge haviishi na ugonjwa hauishi. Pesa hiyo ningeiongezea saruji dukani kwangu, sasa hivi ningekuwa nafungua duka la pili."

"Wifi, vidonge si vya kuumaliza," alijibu mwenzake, fundi cherehani, kipande cha uzi bado kimemng'ang'ania begani. "Ni vya kuuzuia usimwangushe mtoto. Muuguzi alitueleza."

"Muuguzi anajua nini? Kwetu sisi selimundu haipo. Hii imetoka kwenu."

Katikati yao alikaa binti wa fundi huyo, mwembamba, macho yana umanjano kidogo, akinywa maji kwenye chupa kubwa kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Nyumbani walimwita Bosi. "Mimi ndiye mwenye ugonjwa," alisema akipumzika kunywa, "na mpaka leo hakuna aliyeniuliza nimeutoa wapi."

Sabuni alikunja gazeti taratibu. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amechoka na vidonge, na anatafuta wa kumlaumu. Kwa tapeli, hiyo ni karamu iliyokwisha kuandaliwa, bado kunawa mikono tu.

*

Dawa aliipika jioni hiyohiyo. Alichemsha majani ya chai mpaka yakakata tamaa, akatia tangawizi kwa ajili ya harufu na shubiri kwa ajili ya heshima. Dawa isiyo chungu, nani ataiamini? Akaijaza kwenye chupa, akavaa koti jeupe lililowahi kuwa la kinyozi, na kesho yake, baada ya kuulizia duka la saruji, alikuwa amekaa kwenye kochi la yule mama wa bangili, shangazi yake Bosi, mguu juu ya mguu.

"Mama, mimi si mfanyabiashara," alisema. Wafanyabiashara wengi huanza hivyo. "Mimi ni mzazi. Mwanangu alizaliwa na selimundu hiihii. Mifupa ikimuuma, nyumba nzima hatulali. Leo hii anapiga mpira mpaka majirani wanakuja kulalamikia madirisha yao."

"Umesikia, wifi?" shangazi alisema.

Fundi cherehani alikuwa ameinamia gauni la mteja, anatia pindo kwa mkono. "Nimesikia. Na mama yake mtoto, kaka, naye anayo?"

"Hana hata chembe. Tulipima. Ilitoka kwangu mimi peke yangu, wala sioni aibu. Ugonjwa huu huja kwa upande mmoja tu." Akamtazama fundi kwa huruma ya kununua. "Kwangu ulikuwa upande wangu. Hapa, mnajua wenyewe."

Shangazi aliachia pumzi ambayo bila shaka alikuwa ameishikilia tangu mtoto azaliwe.

Sindano ya fundi ilisimama. Katika kliniki ile, hata mzazi wa jana anajua jambo hili kabla hajajua choo kiko wapi: mtoto hapati ugonjwa wa selimundu mpaka baba atoe chembe yake na mama atoe yake, na wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa. Mtaalamu wa selimundu asiyejua hilo ni kama rubani anayeuliza usukani uko wapi.

"Sharti langu ni moja," Sabuni aliendelea. "Vidonge viwekwe kando. Majani yangu hayapendi ushindani."

"Hivyo tu?" shangazi alisema. "Hivi vikiisha, sinunui vingine. Pesa yake itanunua chupa."

Fundi aliijua bei ya maneno hayo. Baba yake Bosi alifanya kazi mbali na mshahara wake ulichoka njiani. Vidonge vilitoka kwenye duka la saruji au havikutoka kabisa. Mara ya mwisho vilipokatika, Bosi alilazwa, akauma shuka ili asipige kelele, kisha akamwomba mama yake msamaha kwa kulichana.

Angeweza kusimama na kusema huyu ni mwongo. Wifi yake angesema, ndiyo, lazima useme hivyo, kwa sababu ametaja upande wenu. Kwa hiyo hakusimama. Alikata uzi kwa meno, akatabasamu, na mgeni alipoaga akamsindikiza mpaka getini.

"Kaka, dawa kama hii unaiuzia nyumba moja?" alimuuliza. "Jumamosi wazazi wote tunakutana ukumbini, pale kliniki. Wengine hukosa viti, wanasikiliza dirishani."

Masikio ya Sabuni yalisimama kama ya sungura. "Dirishani kabisa?"

"Tatizo ni moja. Wanavipenda vidonge vyao. Mtu akiwaambia waache, wanamtoa viatu vikiwa mkononi. Lakini ukiwaambia chupa yako ni msaidizi tu, kwamba bila vidonge haifanyi kazi..."

"Msaidizi," Sabuni alisema, akilionja neno. "Unajua, dada, hilo hata mimi nilikuwa nalifikiria."

"Na wifi yangu umkalishe mbele. Akinunua yeye, watafuata."

"Wewe dada umepotelea kwenye cherehani. Ulifaa kuwa kwenye biashara."

"Nitafikiria," alisema fundi. Kuna jambo moja alisahau kumwambia, na alilisahau kwa makusudi kabisa.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Shangazi alikaa mstari wa mbele, bangili zinalia kila akipumua. Mwenyekiti wa wazazi, dereva wa lori mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alimpokea Sabuni kwa mikono miwili.

"Karibu, mtaalamu. Watoto wetu wanahitaji kuongezewa damu mara kwa mara, kwa hiyo hapa tuna desturi yetu. Mgeni hahutubii mpaka akubali kuchangia. Kitanda kile pale."

Sabuni alikitazama kitanda. Katika maisha yake aliwahi kukimbia mbwa, wenye nyumba na wachumba wawili, lakini hakuna alichokiogopa kama sindano.

"Ningependa sana," alisema. "Bahati mbaya mimi ni mzazi mwenzenu. Ile chembe ninayo. Damu yangu haiwafai watoto."

"Hilo si tatizo," alisema muuguzi, tayari amemshika kidole. "Tone moja tu, kipimo hakichelewi. Wewe hutubu, mimi nasubiri."

Sabuni alipiga yowe dogo ambalo baadaye alidai lilikuwa kikohozi. Kisha akapanda jukwaani, na lazima tumpe haki yake: alihutubu. Alivisifu vidonge kama mtu anayesifu wakwe zake. Aliyasifu maji. Alisema chupa yake ni mtumishi na kidonge ni mfalme, na mtumishi gani ataingia ukumbini kama mfalme hayupo?

"Mtu akikwambia umwachishe mtoto vidonge," alinguruma, povu limemzidi, "huyo ni tapeli. Mfungeni kamba."

Ukumbi ulipiga makofi. Shangazi alikunja uso. "Lakini kwangu ulisema..."

"Nilikuwa nakujaribu, mama. Nilitaka kuona kama unampenda mtoto."

Mbele ya kadamnasi, mwanamke mwenye duka lake atasema nini? Alisimama, akayatengeneza mabega. "Nampenda. Na wote mnishuhudie, vidonge vya mtoto huyu nitanunua mimi mpaka awe bibi."

Mwishoni mwa ukumbi fundi cherehani alikaa kitako kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kama mambo yangeishia hapo, angeshukuru na kwenda kushona. Lakini muuguzi alikuwa amerudi na kipimo.

"Hongera, kaka. Chembe ya selimundu huna hata kidogo."

Sabuni alicheka kwa furaha, maana ni vizuri kuwa na afya. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Ngoja," alisema mwenyekiti. "Mwanao ana selimundu."

"Alikuwa nayo."

"Na ilitoka kwako wewe baba," fundi alisaidia kutoka nyuma. "Ulituambia."

"Na wewe huna," alisema mwenyekiti. Aliivua kofia yake, akaishika kifuani. "Pole sana, kaka. Haya mambo huwatokea hata watu wazuri."

Ukumbi ulipasuka. Walicheka mpaka wa dirishani wakaomba waelezwe. Sabuni alipiga hesabu ya haraka: ama hana mtoto, ama mtoto si wake. Kwa mshangao wa wote, alichagua heshima ya nyumba ambayo hakuwa nayo. "Mke wangu msimguse," alisema kwa uchungu. "Mke sina, na mtoto sina."

"Muuguzi," shangazi aliuliza, sauti imeshuka, "kwani lazima watoe wote wawili?"

"Wote wawili. Nilikueleza."

"Hata kaka yangu?"

"Hata yeye."

Shangazi alizipandisha bangili moja baada ya nyingine na kwenda kusimama mlangoni. Sabuni alimtazama shangazi. Alikitazama kitanda. Akachagua sindano.

Muuguzi alizikusanya chupa zote. "Majani si adui zetu. Ila hayamwingii mtoto kabla hatujajua ni nini na kama yanagombana na vidonge. Haya ni nini?"

"Chai," alisema Sabuni, amefumba macho, na lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu aingie mjini.

Bosi alimsogelea, chupa yake ya maji kwapani, akautazama mfuko wa damu ukijaa. "Anko, hii ndiyo ungeanza nayo. Hata kuitangaza usingehangaika."

Sabuni alitolewa kwa soda na biskuti, kama mchangiaji yeyote, na mwenyekiti alimpungia mkono akimwita mzazi mwenzetu mpaka alipokata kona.

Walirudi pamoja kwa miguu. Walipofika karibu na duka, shangazi alimshika mkono mama yake Bosi.

"Wifi. Kumbe na sisi tulichanga."

"Mlichanga, wifi," alisema fundi. "Hamkuwa wachoyo."