Ada ya Wakili Dwayne

Siku ya kesi ndogondogo ilikuwa sikukuu kwa Dwayne Pickett. Huku Texas mtu akishtakiwa huchanganyikiwa, kisha hutafuta wa kumwambia kwamba hana hatia. Dwayne, aliyefukuzwa kazi ya kuuza magari kwa kuzidisha uongo, alikuwa na suti, mkoba mtupu na ukumbi mzima wa mahakama.

Kwenye benchi akamwona Marisela Treviño, mama wa makamo, akigeuzageuza hati yake ya mashtaka.

"Wakili Pickett," akajitambulisha. "Wizi, siyo? Naona usoni."

"Ndivyo wanavyosema. Niliingia tu kwa yule bwana, nikachukua—"

"Shii! Usiniambie ulichochukua. Wakili mzuri haulizi." Ukweli ni kwamba hati za sheria zilimtia usingizi. "Sikiliza, mama. Sheria ya jimbo inapima wizi kwa thamani. Kitu kikipanda bei, na kosa linapanda. Wamekikuta kwako?"

"Hapana."

"Basi kana! Atakayekutwa nacho ndiye atakayejibu."

Marisela akamtazama kuanzia kichwani, macho yakatua miguuni. "Yeyote yule?"

"Yeyote. Sasa, ada yangu..."

"Pesa sina, bwana wakili. Ila nina buti za marehemu mume wangu, ziko garini. Wavaa namba ngapi?"

Zilikuwa za ngozi ya mamba, zimeshonewa nyota ya fedha kisiginoni. Dwayne, aliyevaa plastiki maisha yake yote, nusura alie. Akazivaa palepale, zake akazitupa pipani.

Siku zote akishalipwa huyeyukia mlango wa nyuma. Lakini masikini, buti kama zile zinataka watu. Akarudi ukumbini kwa mwendo wa gavana, ko, ko, ko, hadi mbele ya Harlan Stovall, mfugaji tajiri aliyekuja kushtaki akiwa na suti na kandambili, maana aliapa kutovaa buti nyingine mpaka zake zipatikane.

"Nyota yangu!" Stovall akanguruma. "Askari! Huyu kavaa buti zangu!"

Akiwa mahabusu, Dwayne akaletewa wakili wa kweli, Bi Tran, binti asiyecheka.

"Umezipataje?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Dwayne akatamani kusema kweli. "Nililipwa, kama ada ya..."

"Ada ya nini?"

"Hebu nieleweshe, dada. Mtu akijifanya wakili, ni kosa gani?"

"Kosa kubwa. Miaka miwili hadi kumi, gereza la jimbo."

"Na buti?"

"Kwa bei yake, kosa dogo. Haizidi mwaka, jela ya hapahapa kaunti. Lakini kama kuna aliyekupa, tuna utetezi mzuri sana. Nani alikupa?"

Dwayne akazitazama soksi zake, roho ikimuuma. Kosa pekee ambalo hakulifanya!

"Niliziiba," akasema.

Mchana uleule kesi ya Marisela ikafutwa, maana mwizi wa buti kapatikana. Dwayne akasimama kukiri, na hakimu, mzee mwenye udadisi, akamgeukia mama yule aliyekuwa akichukua mkoba wake.

"Mama, unamfahamu mtu huyu?"

Neno moja tu, "wakili", na miaka kumi ingemwangukia Dwayne kichwani.

Marisela akamkagua taratibu, kama mtu anayechagua nyanya.

"Hapana, Mheshimiwa. Sijawahi kuongea na wezi."

Dwayne akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa kuumba waongo.