Drumu la Gatina na Kanzu Thelathini na Mbili

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mafua tangu juzi. Pua imeziba kabisa, hata dagaa wa omena anaouza Mama Trizah napita bila kujua nimepita.

Lakini Mungu ni mwema. Kanisa limenipa kanzu za kwaya, zote thelathini na mbili, nifue na kunyoosha kabla ya Jumapili. Askofu anakuja kutoka Kakamega. Kazi hii ilikuwa ya Kageha, jirani yangu wa mlango wa pili, mpaka Pasaka, pasi yake ya makaa ilipomwaga majivu kifuani mwa kanzu ya pasta. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Shida ni jua. Hakuna. Soksi za mwanangu Jael ziko kwenye kamba tangu Alhamisi na bado zinatoa maji. Kageha amesema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye choo cha mwisho, kwamba kanzu nyeupe hazikauki Agosti hata ziombewe.

Mimi nina mpango. Sijamwambia mtu.

Ila nimekumbuka maneno ya Abdulhamid, mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga. Juni, taa ya mashine yangu ya kuangulia vifaranga ilipochoma pazia, alisema hivi: kitu kimoja tu kama hiki tena, Mama Jael, na utafute nyumba kwingine. Alisema polepole. Huyo mtu akipiga kelele hakuna neno, akisema polepole ndiyo hatari. Miaka tisa niko kwenye chumba hiki. Jael alizaliwa humu humu, mikononi mwa mamake Abdulhamid, Nyanya Sitelbanat. Nikitolewa pamoja na watoto wangu watatu, niende wapi?

Kwa hivyo nitafanya kwa uangalifu. Abdulhamid mwenyewe yuko Mombasa kwa arusi, anarudi Jumapili.

Jumanne, 6 Agosti

Nimetembea mpaka Kawangware, kwa Mulwa fundi, pale Gatina. Mulwa ndiye alitengeneza baiskeli ya kusaga mahindi. Ilisaga pia suruali ya mtu, lakini ilisaga.

Ukutani kwake amebandika karatasi ya gazeti la ng'ambo. Wazungu wamevaa kofia ndefu na miwani kama ya kuchomelea vyuma. Wamepanda gari lenye bomba la moshi, magurudumu ya meno na saa kila mahali. Nikauliza ni nchi gani. Akasema si nchi. Ni watu wanaota vile dunia ingekuwa kama stima, yaani umeme, haingekuja, kila kitu kikaendeshwa na mvuke.

Nikamwambia hiyo si ndoto, hiyo ni Kisumu Ndogo, kwetu Kibera. Sisi stima bado haijakuja.

Akacheka mpaka akavua miwani. Basi nikamweleza mpango. Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini mvuke naujua. Baba alikuwa akitia kuni kwenye injini ya reli huko Kisumu. Nataka drumu la maji juu ya moto. Paipu ya shaba itoke, izunguke kama nyoka ndani ya kabati langu, kanzu zikauke kwa joto lake. Karibu na mwisho iwe na matundu madogo, mvuke utoke unyooshe makunyanzi.

Mulwa akasema ana drumu na paipu tayari, vyote vya nyumba moja. Nikauliza vilikuwa vya nini. Akasema vya jikoni. Drumu limeoshwa vizuri.

Nikanusa ndani. Sikusikia kitu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mashine imekuja kwa mkokoteni. Ni mrembo jamani. Mulwa ameweka kengele ya baiskeli ambayo mvuke ukizidi inalia yenyewe. Kifuniko kinashikwa na mizani ya bucha, ile ya springi na mshale. Mshale ukifika nne, ondoa moto. Ukifika sita, ondoa watoto. Baba aliniambia injini za zamani kabisa zilishikwa hivyo hivyo, kwa springi ya mizani. Nilitoa machozi kidogo. Labda ni mafua.

Nimeiweka nyuma ya ploti, pembeni ya ukuta. Kanzu ya kwanza imetoka kwenye kabati imekauka na imenyooka kama karatasi ya shule.

Kageha amekuja akaishika. Akainusa. Akasema inanuka chang'aa, ile pombe kali ya magendo.

Wivu mbaya. Nilimpa chai.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi kanzu kumi na moja. Nyanya Sitelbanat alileta kigoda chake akakaa kando ya kabati, miguu kwenye joto. Magoti yake yamekataa tangu baridi ianze. Anaswali akiwa amekaa kwenye kiti. Akasema drumu hili linamkumbusha kitu lakini hakumbuki ni nini. Nikamfunga magoti kwa shuka ya moto. Akalala palepale.

Saa nane, askari wawili wa chifu. Nani aliwaita sisemi, lakini alikuwa amesimama mlango wa pili akimenya kitunguu kimoja nusu saa.

Nilipowaona niliangalia mashine kwa macho yao. Drumu. Moto. Paipu ya shaba inazunguka. Mwisho wake, tone, tone, ndani ya sufuria. Hivyo hivyo ndivyo chang'aa inavyopikwa.

Mkubwa wao akauliza Mama, unapika nini. Nikasema kanzu. Akamwangalia mwenzake. Akachukua kikombe, akakinga matone, akaonja. Akaungua ulimi. Maji. Akaonja tena kwa sababu hakuamini. Maji.

Wakati huo mshale umepita nne. Niliuona, lakini askari alikuwa amesimama kati yangu na moto. Tano. Drumu likaanza kutetemeka. Kengele ikalia yenyewe bila mkono wa mtu. Askari mdogo akaruka ukuta. Mimi nikavuta kuni kwa mikono, nikiomba kwa Kiluo na Kiswahili pamoja. Kifuniko kikapumua, pshshsh, mshale ukarudi.

Nyanya hakuamka.

Mkubwa akasema sheria haikatazi kupika maji, lakini harufu hapa haimpi raha. Nikamwambia ni ya jirani. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 10 Agosti

Kanzu thelathini na mbili. Zote. Nimezikunja, nimezipeleka kanisani kichwani. Kageha alinifuata mpaka kona akisema Mama Jael, mimi si adui yako, hizo nguo zinanuka. Nikamwambia nitamwombea.

Jumapili, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mvua. Wakafunga milango na madirisha. Mabati, watu mia mbili, joto. Kwaya ikasimama, weupe tupu, nikajisikia kama mama wa wote. Wimbo wa kwanza sawa. Wa pili watu wakaanza kuangaliana. Wa tatu, Askofu akashusha Biblia akamwuliza pasta, kwenye maiki, kama kwaya ilikesha mahali.

Hapo ndipo pua yangu ilifunguka. Siku nane imefungwa, ikachagua dakika hiyo kuisikia chang'aa.

Oloo, wa sauti ya nne, ameacha pombe miaka mitatu. Alivua kanzu polepole, akaikunja, akatoka akasimama kwenye mvua. Mkewe Risper akamfuata. Afadhali Oloo angenitukana.

Baadaye nilikimbia Gatina. Mulwa akakiri. Kulikuwa na mama wa chang'aa hapo nyuma, akaokoka, akauza vyombo vyote. Nikasema, Mulwa, mama aliokoka, drumu halikuokoka.

Abdulhamid amerudi jioni. Kageha hakuhitaji kusema kitu. Kibera yote ilikuwa imesema.

Jumatatu, 12 Agosti

Abdulhamid amekuja saa moja. Amesema polepole. Chang'aa kwenye ploti ya babake. Amenipa mpaka Ijumaa.

Nilianza kukunja mablanketi ya watoto, hata sikuona ninakunja nini.

Halafu Nyanya Sitelbanat akaingia. Kwa miguu yake, bila fimbo. Akamwambia mwanawe, jana nimeswali nimesimama. Drumu ni haramu, litoke. Lakini mvuke umeumbwa na Mungu, na huyu mama nilimzalisha mimi. Abdulhamid akaangalia magoti ya mamake, akasema nibaki.

Drumu limetoka leo hii. Mimi nimebaki. Nimeapa mbele ya Abdulhamid kwamba sitaleta kitu kingine. Kanzu nazirudia kwa maji baridi, na Kageha ndiye ananisaidia kukamua, bila kusema kwamba aliniambia. Anasema kwa macho tu. Oloo nimempelekea samaki. Amepokea.

Alhamisi, 15 Agosti

Baridi imezidi. Nyanya aliniuliza jana polepole, mwanawe akiwa msikitini, ule moto wa kabati unarudi lini.

Nimemfikiria usiku kucha. Kiti. Kiti cha mbao chenye paipu chini na nyuma, kwa magoti na mgongo. Wazee wangapi Kibera hii wanaumwa magoti? Na Abdulhamid atakataaje kitu cha mamake mwenyewe? Nitamwambia kikishawaka.

Nimepita kwa Mulwa. Amefurahi, amekichora kiti akaongeza na usukani. Drumu analo lingine, halijawahi kuona pombe hata siku moja.

Lilikuwa la petroli. Lakini limeoshwa vizuri.