Balozi, Karani na Kona ya Lusahunga

Jumatatu, 3 Julai 1995

Upepo mkavu. Vumbi la malori ya misaada limefika hadi kwenye migomba yangu.

Habari njema! Utingo wa lori ameleta ujumbe wa Bulugu, yule Msukuma mfugaji wa upande wa Biharamulo. Amekubali tubadilishane. Nimpelekee ndama wangu wawili wa kiume, naye anipe mtamba wake mwekundu mwenye pembe ndefu. Nilimwona mtamba huyo mwaka jana nikakosa la kusema, jambo ambalo mke wangu Speciose anadai halijatokea tena. Rangi ileile ya ng'ombe wa mama. Yule tulimwacha ng'ambo ya Mto Kagera mwaka 1961. Alikataa maji. Sisi watu tulivuka. Tangu hapo nafuga ng'ombe wa rangi nyingine.

Ndama wangu ni Balozi na Karani. Wamekua. Swali limebaki moja: niwahasi kwanza, au niwapeleke na korodani zao? Bulugu hakusema. Speciose akashauri nimuulize. Nikamjibu kwamba mtu aliyesoma haulizi, anapima. Wasukuma wanalima kwa ng'ombe. Ng'ombe wa kulimia ni maksai. Basi wahasiwe. Imeamuliwa.

Jumanne, 4 Julai

Mkosi. Koleo la kuhasi la bwana mifugo linatunzwa kwa jirani yangu Protasi, kwa kuwa yeye ni balozi wa nyumba kumi. Asubuhi nilimpa kazi mchungaji wangu Nizigiyimana. Nilisema kwa sauti, kwa sababu alikuwa mbali na kwa sababu Kiswahili chake bado kichanga. Nilisema: leo tunamkamata Balozi, tunamlaza chini, tunamhasi, akileta ubishi, tumfunge miguu.

Protasi alikuwa nyuma ya ua wa minyaa, anapiga mswaki.

Nilipokwenda kuomba koleo nilipokelewa na mke wake. Eti mzee yuko kwenye kikao. Nilimwona mwenye kikao akichungulia dirishani, shuka kiunoni, mikono yote miwili mbele. Nikaomba aelezwe kwamba Balozi ni ndama. Likaja jibu: amefurahi kusikia kwamba ndama nimempa cheo chake, na koleo limepotea.

Alhamisi, 6 Julai

Nimefikiri upya. Kuhasi ni kosa! Ndama aliyehasiwa hupoteza wiki nzima nzima akiuguza jeraha badala ya kula. Shingo haijai. Anayemhasi kabla ya kumtoa anamfanyia mwenzake kazi ambayo hakutumwa. Tena mwenye dume zima anaweza kumfanya maksai wakati wowote, lakini mwenye maksai hana pa kurudi. Nashangaa sikuliona hili Jumatatu. Speciose ameuliza kama ningeliona iwapo koleo lingepatikana. Nimemwambia hoja ni hoja.

Nizigiyimana alinionyesha kisu kwa ishara, kwamba koleo si lazima. Kwao Burundi alikuwa fundi wa kazi hiyo. Watu walimfuata kutoka vilima vya mbali. Nikamkatalia. Alivuka mpaka mwaka juzi. Kirundi chake na Kinyarwanda changu vinasikilizana kama watoto wa tumbo moja, lakini nimeweka sheria: kwangu ni Kiswahili tu. Ndivyo nilivyojifunza mimi. Mkuu wa wilaya mmoja aliwahi kuniuliza kama nilizaliwa Tanga.

Ijumaa, 7 Julai. Sabasaba

Ushindi! Utingo amerudi. Fahali wa Bulugu amekufa kwa ndigana. Sasa anataka madume wazima, wasioguswa. Mmoja apande ng'ombe wake, wa pili atajua mwenyewe la kumfanya. Ningekuwa na koleo Jumanne, leo ningekuwa nalia.

Jioni nilieleza yote kilabuni, kwenye pombe ya ndizi. Nilieleza mara mbili, kwa ajili ya waliochelewa. Protasi naye alikuwapo. Aliniamkia vizuri tu, akauliza huyo Bulugu anakaa upande gani hasa. Nikamchorea ramani chini kwa fimbo. Jirani ni jirani. Hakuna haja ya kinyongo.

Jumatatu, 10 Julai

Nizigiyimana ameondoka na ndama. Mimi nitafuata kwa basi mwisho wa wiki. Nimempa maelekezo mafupi, sanifu. Fuata lami. Porini usitembee peke yako, ungana na wachungaji wengine. Ukifika Lusahunga, kata kona. Bulugu yuko mbele kidogo.

Alirudia taratibu: Lusahunga, kata, kona. Nikamwambia barabara! Akawatazama ndama, akaniomba kisu changu kizuri. Nikampa. Safari ndefu, mtu lazima amenye muhogo.

Jumamosi, 15 Julai. Lusahunga

Nimeshuka kwenye basi salama. Madereva wa malori wakanipokea kwa shikamoo za heshima isiyo ya kawaida. Wakauliza kama mimi ndiye mwenye wale ng'ombe wawili. Nikasema ndimi. Wakanishukuru kwa mishkaki. Nikasema karibuni sana, bila kujua ninakaribisha nini. Mmoja wao, mnene, akaapa kwamba mapumbu matamu namna ile hajala tangu aanze kuendesha lori.

Nyuma ya kibanda cha chai walisimama Balozi na Karani. Miguu ya nyuma imetanuka. Wanatazama upande wa Biharamulo bila hamu yoyote. Majivu yamepakwa. Jeraha safi. Lazima nikiri, kazi nzuri sana.

Nizigiyimana alisimama wima kama askari. "Mzee alisema Lusahunga, kata, kona. Nimekata. Nimekona. Zote nne."

Nilimkemea kwa Kiswahili sanifu, bila kupandisha sauti. Nilitumia maneno kama uzembe, hasara na fedheha. Alisikiliza kofia mkononi mpaka mwisho. Kisha akasema asante sana, mzee.

Jumapili, 16 Julai

Tukakata kona, ile yenyewe, polepole, kwa hali ya wagonjwa.

Bulugu alinipokea kwa adabu. Akazunguka nyuma ya ndama. Akazunguka tena. Akaniuliza kwa upole kama yeye ndiye aliyezeeka macho. Maana mzee wangu, nilisema wasioguswa, na hawa naona wameguswa mpaka basi. Nikaanza kumweleza muundo wa sentensi yangu. Akasema nisijisumbue, mambo yameshakwisha. Jana alikuja balozi wangu, Protasi, kwa lori la mpwa wake, na fahali mzima mwenye shingo. Wakabadilishana palepale. Mtamba aliondoka alfajiri ya leo.

Kumbe ramani yangu ilikuwa sahihi kabisa.

Nilipewa maziwa. Nikanywa. Pale mtamba alipokuwa amefungwa palikuwa na alama za kwato na majani aliyoyabakiza. Halafu nikaenda kungoja basi.

Jumatano, 19 Julai

Speciose amecheka hadi akaketi chini. Amesema kwetu hata mtoto anajua kwamba gukona ni kuhasi. Nami nimemchukua Mrundi, fundi wa kuhasi, nikamwambia akate, akone, na kisu nikampa mwenyewe! Nikamjibu kwamba neno hilo nililijua kabla yeye hajazaliwa. Lakini anayesema Kiswahili asikilizwe kwa Kiswahili. Kona ya Kiswahili ni mahali njia inapopinda, haina korodani. Akasema: "Sawa, baba Odeta. Lakini wewe zungumza naye kwa lugha yetu, kabla hajamaliza madume wa Ngara nzima."

Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Kosa lilikuwa kwenye "kata". Mtu akisikia kata, mkono unakwenda kwenye kisu wenyewe. Neno hilo limefutwa kwangu.

Jumanne, 25 Julai

Ajabu! Protasi amekuja, na mtamba kamleta. Hana malisho ya kutosha wala mchungaji, na kila mtu anakiri kwamba Nizigiyimana anajua ng'ombe. Anaomba mtamba akae zizini kwangu kwa desturi yetu sote: ndama wa kwanza wa mwenye ng'ombe, wa pili wa mlishaji. Kwa masharti. Nimtafutie fahali, kwa kuwa wake kabaki kwa Bulugu. Na ndama wangu abadilishwe jina.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Balozi sasa anaitwa Mwenyekiti.

Protasi alipoondoka nilibaki zizini. Pembe za mtamba zinapanda na kupinda kama mikono ya wacheza ngoma wa kwetu. Alininusa kiganja, akaendelea kula. Nilimwita kwa jina la ng'ombe wa mama. Hakugeuka. Atazoea. Ndama wa pili atakuwa wangu, na huyo nitamzoesha jina tangu siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni fahali tu.

Jumatatu, 31 Julai

Fahali mzima aliyebaki karibu ni mmoja, wa Domisiana, mjane wa ng'ambo ya kijito. Mwanamke wa sala na wa mpini wa jembe. Hampi mtu fahali wake. Jana baada ya misa nilimbembeleza kwa methali mpaka akachoka, akakubali nikae na fahali siku moja. Ila fahali akipungukiwa hata unywele, nihame kata. Nikamhakikishia kwamba atarudi vilevile alivyokwenda.

Speciose amekwenda Kabanga kumwona binti yetu Odeta. Ameniachia neno lilelile: zungumza naye kwa lugha yetu. Nikamwambia asafiri salama.

Nizigiyimana nimemtuma leo asubuhi. Njia ya mkato inapita kwenye maharage ya watu, na fahali hana adabu. Nikachagua maneno yangu kwa uangalifu. Nikasema: ukishamchukua fahali kwa mama Domisiana, usipite shambani. Shika barabara, upige kona.

Sikusema kata!

Akafikiri. Akauliza: zote mbili, mzee? Swali zuri sana. Njiani kweli kuna kona mbili, ya zahanati na ya kanisani. Kiswahili chake kinakua, nami najipongeza. Nikamjibu zote mbili, asiache hata moja. Akaomba kile kisu. Siku hizi namwamini, nilikuwa nimeshakinoa.

Mtamba nimemfunga kivulini. Nimemsugua mgongo kwa majani. Anang'aa.

Sasa hivi namsikia Domisiana upande wa kanisani. Anakuja huku, ananitaja jina tangu mbali. Sikujua kwamba ni mtu wa kushukuru kwa sauti kubwa namna hiyo.